Mguu wa Mninga Nilioupaka Vanishi

Mama Fausta, mke wangu,

Usicheke. Najua huko uliko umeshaanza, kwamba leo huyu mzee naye kashika kalamu. Nimeishika, na jasho linanitoka kuliko nikishika jembe. Mwalimu wa kisomo katuambia kila mmoja amwandikie mtu aliye mbali, halafu barua zitabandikwa ukutani pale ofisi ya kijiji, watu wasome. Wenzangu wamewaandikia watoto wao walioko mijini. Mimi wa mbali wangu ni wewe tu. Kwa hiyo hii itasomwa na kijiji kizima, na ndivyo ninavyotaka, maana uongo wenyewe niliusema mbele ya kijiji kizima.

Unanijua. Mimi ndiye niliyemshika fisi mkia kule bondeni mpaka akaomba msamaha. Mimi ndiye niliyeteremka ule ukingo mkali wa Lyamba lya Mfipa asubuhi, nikapanda jioni na gogo la mninga begani, huku napiga mluzi. Haya, fisi hakuwepo. Lakini gogo lilikuwepo, wewe shahidi, uliniona nimefika nalo nikashindwa hata kuomba maji.

Gogo lile lilikuwa mguu wako.

Siku tunahamia kijiji cha ujamaa ulikaa juu ya mkokoteni, kwenye magunia ya ulezi, umemkumbatia kuku. Pale korongoni ng'ombe wakashtuka, ukaanguka, gurudumu likapita juu ya mguu wako wa kushoto. Kuku hukumwachia. Hospitalini Sumbawanga wakakata chini ya goti. Nilipoingia kukuona nilisema la kijinga, "Sasa mke nimepunguziwa, wazee wako watanirudishia ng'ombe wangapi wa mahari?" Ukanirushia kikombe cha uji. "Kwanza rudisha wewe huo mdomo," ukasema, "ulichukua wa watu wawili." Wagonjwa wodi nzima wakacheka. Mimi nikatoka nje, nikalia nyuma ya jiko lao.

Uliporudi nyumbani ulikuwa unakaa kwenye ngozi ya ng'ombe mlangoni, unachambua maharage. Hukulalamika. Ulisema kitu kimoja tu: "Baba Fausta, nataka kwenda kanisani kwa miguu yangu. Sitaki kubebwa kama gunia la mbolea."

Basi nikauchonga. Kwa hili sijisifu bure. Juu nilichimba kikombe cha kuingizia kigutu chako, nikakisugua kwa majani ya msasa siku saba. Kila nikimaliza napitisha shavu langu humo, halafu midomo, kwa sababu mkono wa mkulima una sugu na haujui tena kipi kinakwaruza. Nikapasha mafuta ya mbarika, nikayapaka ndani, mti ukanywa. Nikapaka tena, ukanywa. Nilikuwa nadondosha tone la maji kuupima. Mti mkavu ulilifyonza papo hapo. Baada ya mafuta tone likakaa kidogo, likafikiri, ndipo likazama taratibu.

Mganga wa zahanati alipita, nikamwonyesha. Naye akadondosha tone lake, akalitazama. Akasema, "Mzee, hapo pazuri, usipaguse tena. Ngozi ya kwenye kovu ni changa. Mti uwe laini usimchubue, lakini usilikatae jasho lake. Ukilikataa litabaki humo humo, na ngozi itaoza."

Niliyasikia kwa masikio haya mawili. Sijawahi kumwambia mtu kwamba niliyasikia.

Ukatembea. Kwanza mpaka jikoni, halafu mpaka kisimani, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kanga kana kwamba ndiyo inayokusimamisha. Mti uliingia weusi kwa mafuta, vumbi likaganda juu yake, ukawa na sura mbaya, hilo nakubali. Siku moja kilabuni rafiki yangu Deusi akapaza sauti, "Jamani, shemeji siku hizi anatembea na mchi! Akifika kwako mpe na kinu, atwange kabisa!" Watu wakafa kwa kicheko. Nami nikacheka, tena kuwazidi. Lakini ndani niliungua. Mimi? Kazi yangu iitwe mchi?

Kesho yake nikaenda mjini, kwa seremala mmoja wa Katandala anayetengeneza viti, nikampa jogoo, akanipa vanishi iliyobaki kwenye kopo. Nikaupaka mguu nje mara mbili. Ukang'aa kama upara wa padri! Kopo likabaki na vanishi kidogo. Nikaona isipotee. Nikapaka na ndani ya kikombe.

Ukaniuliza, "Huko ndani nani ataona?"

Nikakujibu, "Mungu ataona, na mimi."

Nikaita watu. Nikadondosha tone humo ndani, likateleza kama juu ya jani la gimbi, mti haukulinywa hata kidogo. Nikapiga makofi. "Hata maji yanauogopa!" Mganga sikumwita.

Pasaka ulikwenda kanisani kwa miguu yako, njia nzima. Mimi nilitangulia hatua ishirini mbele, si kwa kukuongoza, kwa kukutangaza. "Njooni muone mkono wa fundi!" Deusi akavua kofia. "Leo shemeji amevaa kabati," akasema, na wewe ukatabasamu, na jua likapiga kwenye ule mguu. Mama Fausta, siku ile nilikuwa mfalme wa Ufipa.

Baadaye ukaanza kufunga kitambaa kwenye kigutu. Nikauliza, ukasema baridi. Nyumbani kukawa na harufu, ukasema ngozi ya ng'ombe imepata maji. Kila Jumapili ulikwenda. Hata kwenye shamba la pamoja ulikwenda kumenya mahindi, na nilipopita na wageni uliinuka usimame, wakuone. Nilipita na wageni mara nyingi.

Binti yetu Fausta ndiye aliyekuja toka kwa mumewe kule Namanyere, akakifungua kile kitambaa kwa nguvu. Alipiga kelele nikakimbilia mlangoni. Ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa kama mhogo uliosahauliwa mtoni, na katikati shimo. "Mama, kwa nini hukusema?" Hukujua nimesimama pale. Ukamwambia, "Baba yako keshawaambia watu wote. Ningemwaibishaje mtu mzima?"

Wewe uliyenirushia uji wodini! Wewe uliyenitukana mbele ya katekista, mbele ya balozi, mbele ya mama mkwe! Miaka yote ile hukunisitiri hata siku moja, na nilikupenda kwa hilo. Siku hiyo moja ndiyo ukaona unisitiri.

Hospitalini walisema homa imeshaingia kwenye damu. Walitaka kukata tena juu, hukuifikia siku yenyewe. Ulinishika kola. "Usiseme ni mguu," ukasema. "Sema ni homa."

Nami nikasema homa. Msibani nimesimama mbele ya watu wote, nikasema homa. Deusi akanishika bega, akasema angalau ulikufa umeshatembea, kwa sababu ya mume fundi. Sikufungua mdomo. Mara ya kwanza maishani mwangu kunyamaza, na ndiyo siku niliyotakiwa kusema.

Wakati wanawake wanakuosha, niliuchukua ule mguu nyuma ya nyumba, nikavunja chupa, nikakwangua vanishi ya ndani kwa kigae. Nilikwangua mpaka vidole vikatoka damu. Nikadondosha maji, mti ukanywa. Ukanywa vizuri kabisa. Ulikuwa tayari kuvaliwa. Tukakuzika nao.

Sasa wamejua. Si homa, ni mimi.

Juzi amekuja mtu toka Mpui, kwa magongo. Nyoka alimuuma, wakamkata mguu. Alikaa hapa kivulini, akasema, "Shikamoo mzee. Nimeambiwa Ufipa yote hakuna fundi kama wewe."

Nikamwambia, "Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Sijui kuchonga. Niliyemchongea alikufa."

Akanitazama sana. Hakunitukana. Akakusanya magongo yake, akaondoka. Nilimtazama akipanda kile kilima, anakwenda, anapumzika, anakwenda. Mama Fausta, najua mti unaomfaa. Najua mafuta gani, najua usugue siku ngapi na uache wapi. Hakuna mtu mwingine huku anayejua, na niliyajua haya kwa mwili wako. Sikumwita, mpaka akapotea upande wa pili. Sijui kama nimemwokoa au nimemwonea. Zamani ningekuuliza, ukanitukana, na katika tusi ningepata jibu.

Lala, mama. Hadithi sina tena.

Mimi mumeo,
Baba Fausta