Babu Ognyan, Roshani Imepata Sauti Tena

Mwaka umetimia, mpendwa wetu Babu Ognyan, tangu ulipotuacha Septemba ile, hoho zikiwa bado motoni.

Majira haya kila jengo la mji wetu wa Yambol linanukia hoho za kuchoma, lakini ni letu tu lililokuwa na msomaji. Bibi Penka alichoma na kumenya, akizijaza kwenye chupa zije kuliwa wakati wa baridi. Wewe ulikaa kwenye kigoda chako pale roshani na kimojawapo cha vitabu vya hadithi vya Lango la Chumvi, ukisoma kwa sauti ya kuushinda moshi. Mikono iliyovuta breki za treni miaka yote ilifunua kurasa taratibu, kama inambadilisha mtoto nepi. Majirani wa juu na wa chini walizima redio.

Mjukuu wako Zornitsa alipenda zaidi pale binti Ilva anapotoroka kwao kwenda kuiona dunia, akilipita kwa kunyata joka mlinzi lililolala langoni.

"Joka zembe!" alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

"Zembe kabisa, roho yangu," ulimjibu.

Akakua. Asubuhi aliyoondoka kwenda chuoni katika mji mkuu, Sofia, wewe uliyezoea kuamka kabla ya njiwa ulikuwa umelala fofofo. Hakuthubutu kukuamsha. Alilia njia nzima ndani ya basi kwa kuwa hamkuagana, na hata baadaye ulisema tu, "Nilipitiwa na usingizi."

Ulipofariki, vitabu vikabaki kabatini. Juzi, tulipokwisha kula ngano ya kuchemshwa ya kumbukumbu yako, Bibi aliwasha moto wa hoho. Redio za jengo zima zikazimwa. Akamwekea Zornitsa kitabu magotini.

"Soma."

"Siwezi, Bibi. Watu watanisikia."

"Sasa unadhani watu husoma kwa sauti ili iweje?"

Akaanza kwa kunong'ona, masikio yamemwiva kwa haya. Bwana Kolyo akainama kutoka ghorofa ya juu. "Ongeza sauti, binti! Hata hoho hazikusikii!"

"Nyamaza, Kolyo!" Mama Ginka akamjibu kutoka chini. "Wewe hata kengele ya mlango wako huisikii! Soma, mwanangu, soma!"

Zornitsa akacheka, na sauti ikamtoka. Aliposoma hadi pale langoni alikuta, kando ya alama ya kidole chako chenye masizi, maneno ambayo utotoni yalimezwa na kicheko chake: *Ilva alipokwisha kupita, joka likafumbua jicho moja, likamtazama mpaka akapotea.*

Akaruka kutoka kwenye kigoda. "Lilikuwa macho! Bibi, lilikuwa macho muda wote!"

"Sisi wote tunajua tangu ukiwa na mapengo!" Bwana Kolyo akafoka. "Endelea!"

Bibi alikuwa akimenya hoho, hakuinua uso. "Hata babu yako alikuwa macho. Alisimama dirishani mpaka basi lako likakata kona. Nilimwambia aje akuage. Akasema, 'Akiniona nimeamka, hataondoka.'"

Zornitsa alisoma mpaka hoho ya mwisho ikaiva, Babu, machozi yakimtiririka, na sauti yake ikafika hadi uani.

Tunaokukumbuka ni mkeo Penka, mwanao Dimo na mkewe Ralitsa, mjukuu wako Zornitsa, ambaye sasa anajua, na ghorofa zote za jengo hili.

Pumzika, Babu, ila jicho moja liache wazi. Daima umo mioyoni mwetu.