Taa ya Buluu ya Barazani Kwetu

Turkey Lick, Kentucky
Jumatatu

Kwako Dada Imogene,

Nakusalimu wewe, na shemeji Mchungaji Wendell, na wanao wote. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, na kama umesimama, tafuta kiti. Mimi ni mzima. Mama naye hajambo, magoti yanamsumbua kama kawaida yake ila anakula vizuri. Tangu jana nakupigia simu hupokei, na najua unaisikia, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nina hasira, dada yangu. Nakwambia mapema usije ukasema sikukuonya.

Habari kubwa ya huku unaijua. Jumamosi Delpha Sizemore alirudi nyumbani kuimba, mara ya kwanza tangu aondoke na gitaa lake na kinyongo chake. Barabara ya mgodini imepewa jina lake. Watu walijaa uwanja wa shule, wengine wametoka West Virginia na viti vyao vya kukunja. Alipojaribu kuanza na nyimbo mpya, walimwambia wazi hizo akawaimbie wenzake wa Nashville, wao wamefuata zile za zamani. Walitaka ile ya treni ya makaa, na ile ya mwalimu wake, na ile ya pete. Zaidi ya zote walitaka "Taa ya Buluu".

Sasa sikia kamati ilivyofanya. Mwenyekiti ni Clovis Ratliff, yule mwenye duka la misumari na rangi. Aliamua kila wimbo wa zamani uwe na mwenyewe jukwaani, aketi kwenye kiti cha mbele wimbo wake ukiimbwa. Mzee Estill akaalikwa kwa sababu ndiye aliyeendesha ile treni. Mwalimu akaletwa na mjukuu wake. Halafu Clovis akaja kwetu, kofia mkononi, meno yote nje, akamwomba Mama akalie kiti cha "Taa ya Buluu". Alisema ni heshima kubwa, maana si kila mwanamke duniani ameimbwa mpaka redioni.

Yaani heshima ya kukalishwa mbele ya watu kama mwizi wa mume. Nilimfukuza na kitambaa cha vyombo mkononi. Mama akamwita kutoka jikoni, akamwambia atakuja, na kama wana maua ya kubandika kifuani angependa ya waridi.

Usijifanye umesahau maneno ya wimbo ule, Imogene. Mwanamke wa ng'ambo ya kijito, anawasha taa ya buluu barazani mume wa mtu anapotoka zamu mgodini, na mke halali anaiona kutoka dirishani kwake. Bonde zima taa ya namna hiyo ilikuwa moja tu, kwetu, aliyoifunga Baba mwaka mmoja kabla dari la mgodi halijamwangukia. Watu walijumlisha taa na mjane, wakapata jibu. Hawakuuliza zaidi.

Wewe hukuwepo kuyaona yaliyofuata. Ulikwisha kwenda Ohio kutafuta kazi kiwandani, ukiwa na umri wa miaka kumi na tisa, na mimi nikabaki na miaka yangu tisa. Shuleni wasichana walikuwa wananiimbia kiitikio nikipita, mpaka siku nilipomng'ata sikio dada yake Clovis. Kila Siku ya Makaburi, tukimaliza kufyeka majani na kupanga maua, vyakula vilitandazwa mezani nje ya kanisa, na keki ya matufaha ya Mama hakuna aliyeigusa. Kisu kilikuwa kinairuka kama ina sumu. Anaibeba nzima nzima mpaka nyumbani, tunaila wiki nzima, na mwaka unaofuata anaoka nyingine. Iliendelea hivyo mpaka wale mabibi wakafa mmoja mmoja. Sasa wajukuu wao wanagombania kipande, wakidhani ni utani mtamu kula keki ya mwanamke wa kwenye wimbo.

Nilimuuliza Mama kwa nini amekubali. Alisema akikataa watu wataanza kuuliza kwa nini. Kisha akaniambia kwamba walishaacha kumchukia zamani, na kwamba mtu pekee ambaye bado anapigana vita hivyo ni mimi. Hilo liliniuma kuliko la Clovis.

Basi Jumamosi mchana, kabla ya onyesho, nikaenda kwenye basi la Delpha nyuma ya uwanja. Nilimkuta anakula maharage na mkate wa mahindi, miguu ndani ya beseni la maji moto, kikongwe wa kawaida tu bila zile nywele za bandia. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyahifadhi tangu utoto. Nilimwambia amejenga nyumba tatu juu ya jina la mama yangu, kwamba Mama hakuwahi hata kumpa mumewe, Burl Sizemore, maji ya kunywa, na kwamba akiuimba wimbo ule mbele yake leo, mimi nitapanda jukwaani nimvue gitaa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliweka kijiko chini, akaniuliza mimi ni binti yupi. Nilipomjibu ni mdogo, alisema alidhani hivyo, kwa sababu yule mkubwa asingethubutu kukanyaga ngazi za basi lake. Kisha akasema hajamwimba mama yangu hata siku moja. Alimwimba msichana wa nyumba ile, na Burl mwenyewe ndiye aliyemtajia jina.

Alilitaja jina lako, Imogene.

Aliendelea kula huku mimi nimesimama. Alisema wimbo ulipoanza kuvuma na watu kumnyooshea Mama kidole, yeye alitaka kusema ukweli redioni, kwa kuwa hakuwa na ugomvi na mjane wa watu. Mama akamfuata mpaka kwake, akamsihi awaache watu waamini wanavyoamini. Alimwambia yeye amekwisha kuolewa na amekwisha kuzika, hana anachotafuta tena, lakini binti yake bado hajaanza maisha. Delpha akampa neno lake. Mwanamke uliyemwibia mume ameitunza siri yako muda wote huu, na wewe umekaa Dayton, hukohuko Ohio, umeolewa na mchungaji anayekataza nyimbo zake nyumbani kwenu, anasema ni za shetani. Uliniandikia hivyo mwenyewe, ukaongeza kuwa unakubaliana naye. Huna haya.

Kila Krismasi ulituma kadi. Kila ukipiga simu ulikuwa unauliza kama watu bado wanamsema Mama. Mimi nilidhani ni huruma. Kumbe ulikuwa unapima kama mzigo wako bado umekaa vizuri mgongoni mwake.

Sasa la kukuambia, na ndilo hasa nililoandikia barua hii. Jioni Mama aliketi kwenye kiti chake, gauni jipya, waridi kifuani. Clovis alikuwa ameuza balbu ndogo za buluu mlangoni, uwanja mzima ukawa unaziwasha na kuzizima. Delpha akaimba. Watu wakaitikia kwa sauti moja, na kijana mmoja mlevi akapaza sauti, akamwita Mama, "Bi Dessie!", akamuuliza kama leo taa imewashwa, kuna wanaume wametoka zamu. Watu wakacheka. Mama akapunga mkono na kutabasamu.

Sikuweza kuvumilia. Wimbo ulipoisha nilipanda jukwaani, nikamnyang'anya Clovis kipaza sauti. Niliwaambia wamemsema mtu asiye na hatia. Niliwaambia mwenye wimbo si huyu, ni dada yangu Imogene, mke wa mchungaji, na anuani yake Dayton ninayo kwa anayeihitaji. Kwa hiyo kama simu yako imelia mfululizo na hujui kuna nini, ni mimi.

Delpha alinitazama, akatikisa kichwa, akaanza wimbo wa pete bila kusubiri bendi. Mama aliinuka, akashuka peke yake bila kushika mkono wa mtu, akaenda kuningoja garini.

Nilidhani atalia, au atanikumbatia. Tulifika karibu na daraja ndipo aliposema. Aliniuliza nani alinituma kumsafisha, na nani aliniambia kuwa amechafuka. Alisema kuubeba wimbo ule ndicho kitu kikubwa kuliko vyote alichowahi kumfanyia mtoto wake, na alikuwa amebakiza kidogo tu afe nacho. Nilimuuliza mimi je, nilizaliwa nipigane bure? Tulipofika nyumbani aliniomba nimshushie sanduku lililo juu ya kabati.

Anakuja kwako. Binamu Orville atamleta Alhamisi kwa gari lake. Amesema mtoto mwenye shida sasa ni wewe, Wendell atakuwa amekasirika na waumini watakuwa wanaongea, na mtu wa kukaa nawe anahitajika. Mimi niliyekaa naye maisha yangu yote, nikamfulia, nikampeleka hospitali, nikamng'atia watu masikio, naambiwa mimi ni mtu mzima, nitajiweza. Sijakusamehe, na usiniandikie kuniomba hilo.

Msalimie Wendell, kama bado mnasemeshana. Wasalimie watoto, wao hawana kosa.

Dawa zake nimezifunga kwenye mfuko mweupe. Kahawa anywe kikombe kimoja tu, hata akibisha. Kwenye ngazi mshike upande wa kushoto. Asubuhi akiamka huwa anaita kabla hajafumbua macho. Akikuita Oleta, itika tu.

Mdogo wako,
Oleta