Piastri ya Papa Neema

Jumamosi, 4 Februari 2012
Nimezipanga tena sarafu zangu za zamani. Kumi na tisa sasa, zote piastri za Indochina, fedha tupu. Mizani sina wala sitaki. Nina sikio. Sarafu ya kushukiwa naiweka juu ya ncha ya kidole, naigonga kwa nyingine, nasikiliza. Fedha hulia. Bati hukohoa. Kanisani wananijua kwa hilo, na napenda wanijue.

Jumapili, 12 Februari
Baada ya ibada Mama Neema kaniletea piastri ya marehemu mumewe, rafiki yangu. Mtu wa Brazzaville. Babu yake alikuwa askari wa Wafaransa huko Indochina, akarudi nayo. Papa Neema alitusimulia mpaka tukamchoka. Nimeigonga mara tatu. Bubu. Nimemwambia ni ya bandia. Akauliza kama nina hakika. Nimechukia kuulizwa.

Jumapili, 26 Februari
Kumbe ameitupa baharini, kwenye miamba ya Bluff. Hataki uongo nyumbani, anasema. Nimemsifu.

Jumanne, 1 Mei
Sikukuu, kiwanda kimefungwa. Nimezigonga zangu kwa mara ya kwanza mwaka huu. Ya kwanza bubu. Ya pili bubu. Zote. Nikaapa kuna mtu kanibadilishia. Mke wangu akatoka jikoni, mikono ina unga, akanitazama nikigonga.
"Inalia muzuri. Weye hausikie?"

Jumatano, 2 Mei
Miaka kumi na moja ya kelele za mashine, kiwandani Jacobs. Nesi wa kiwanda amenipima masikio. Sauti nyembamba zimekwisha, hazirudi. Hilo ningelimeza. Lakini nimemfanya marehemu mwongo, naye hawezi kujitetea. Najichukia. Sijala.

Jumamosi, 5 Mei
Nimefika kwenye robot, taa za barabarani za mtaa wa Mama Neema, nikageuka. Woga mtupu.

Jumapili, 6 Mei
Nimekwenda. Nimesema yote nikiwa nimesimama mlangoni. Nikamnyooshea piastri yangu iliyo bora. Hakuigusa. Alisema polepole, nami namtazama midomo:
"Papa Aline, miezi tatu niko naita bwana yangu muongo. Mbele ya batoto."
Nikairudisha mfukoni. Nimerudi kwa miguu.

Jumapili, 13 Mei
Mvua kidogo. Wakati wa ushuhuda Mama Neema alisimama, watoto wake kando. Ana sauti nyembamba, ya zile nilizopoteza. Nimelipata jina la mumewe, na neno Indochina. Mengine sikuyapata. Mke wangu alikuwa akifuta machozi. Sikumwuliza kilichosemwa.