Kitufe cha Q

Dzamandzar, 14 Mei 2016

Kaka Chaher,

Salamu nyingi kwako na kwa mama hapo Mahajanga. Nakuandikia Kiswahili cha bibi kwa sababu mume wangu, Halidi, husoma barua zangu, na lugha hii haijui.

Laptopu uliyonipa imefufuka. Nimeweka mfumo wa Linux kwa flashi yako, peke yangu! Ila kibodi ni ya Kifaransa, nami kwenye mfumo nilichagua ya Kiingereza kwa makosa, jina langu likatoka Hqyrqt. Nikitaka A, nabonyeza Q. Nimeiacha hivyo hivyo.

Halidi alidai nenosiri. Nikamwambia kweli tupu: ankify, pale boti zinapotia nanga ng'ambo. Amelipiga mpaka kachoka, anaona vidoti tu, mashine inamkataa. Ananiita muongo. Tangu siku hiyo akitoka hunifungia lango, na kitambulisho changu anatembea nacho.

Barua hii nampa jirani, Mariamou, juu ya ukuta. Mama usimwambie.

Laiti lango nalo lingefunguka kwa Q. Njoo unichukue, kaka.

Mdogo wako,
Hayrat