Mawe ya Mma Kelebogile

Kalahari, Botswana

Mdogo wangu Sekela,

Nakuandikia nikiwa nimeegemea mto. Mwandiko umepinda kidogo, lakini kichwa kiko sawa. Kwanza nikuulize wewe: goti bado linakusumbua baridi ikishuka? Na mahindi ya hapo Mbalizi, mliwahi kuyavuna kabla mvua za mwisho hazijayaozesha? Huku hatuna habari ya mvua za mwisho, kwa kuwa hata za kwanza hazijaja.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Ukinipigia huwa unaweka sauti ya nje, nyumba nzima inanisalimia, nami nakosa pa kusemea. Barua hii nimempa dereva wa lori, mtu wa Mwanjelwa, anayerudi huko kupitia Tunduma. Isome kwanza ukiwa peke yako.

Nimekuambia mara nyingi kwamba siji nyumbani kwa sababu daktari amenikataza safari. Si kweli. Daktari alisema kinyume chake: moyo umechoka, na kama nataka kufia kwetu, niondoke sasa. Wewe umenitunzia mahali kando ya Tumaini, mke wangu. Mwanao Ambokile ameomba ruhusa kazini ili aje kunichukua. Nimewadanganya nyote, na sitaki kufa na uongo huo. Kinachonizuia ni mawe.

Unajua kwamba tangu nistaafu ualimu naishi katika kijiji hiki kilicho ukingoni mwa mchanga. Nje ya kijiji kuna dimbwi ambalo halikauki, na ardhi hiyo ni ya ukoo wa mjane mmoja mzee, Mma Kelebogile. Huku mama huitwa Mma. Ndege wa jangwani hufika pale kunywa maji, nami nilizoea kukaa na darubini yangu kuwatazama. Kiangazi kimoja nikamwona tumbusi mweupe, uso wa manjano kama kiini cha yai, amesimama katikati ya tumbusi wa kahawia kama mtu aliyekuja msibani na nguo za harusi. Upande huu wa Afrika ndege huyo karibu haonekani tena. Nilimwambia rafiki mmoja, naye akawaambia wenzake. Punde si punde watazama ndege wakaanza kunipigia kutoka miji ya mbali: njia ni ipi, lango anafungua nani?

Mma Kelebogile akanipa ufunguo. "Wapitishe, mwalimu," akasema. "Ila wasinitishie mbuzi."

Sasa sikia nilichofanya. Tumbusi yule alikuwa mwoga, akiona watu wamesimama wazi anaruka. Nikaona wageni wanahitaji ukuta wa kujificha. Juu ya mwinuko jirani palikuwa na mawe. Katika nchi ya mchanga mtupu, mtu aliyelelewa milimani kama mimi alipaswa kujiuliza nani aliyaleta. Niliyabeba kwa toroli na kuyapanga vizuri hadi usawa wa kifua. Wageni wakaja, wakakaa nyuma ya ukuta wangu, wakamwona ndege wao. Walinishika mkono. Mmoja alitokwa na machozi, nami nikajiona mtu mkubwa.

Yale mawe yalikuwa makaburi. Walilala pale mume wa Mma Kelebogile, wakwe zake, na watoto wake wawili. Huku hawajengei saruji wala hawaweki msalaba. Hulaza mawe juu ya marehemu ili fisi wasifukue, basi.

Wanaonihurumia husema mgeni hakujua, maana kwao kaburi ni tuta na msalaba wenye jina. Mimi nimewaacha waseme hivyo. Lakini wewe nakuambia, Sekela: nilijua nusu. Nilipokuwa nikiyainua niliona yamelala kwa urefu, kundi kando ya kundi, yote yakielekea upande mmoja. Mkono wangu ulisita. Kisha nikawafikiria wageni waliokuwa njiani, nikaendelea.

Mma Kelebogile aligundua alipoleta mbuzi kunywa maji. Hakupiga kelele. Alininyang'anya ufunguo, akafunga lango, hata kwa wageni waliokuwa wamelala ndani ya magari yao wakisubiri kupambazuke. Wazee wa baraza walipomuuliza anataka nini, alisema, "Aliyeyatoa ayarudishe kwa mkono wake. Toroli sitaki."

Nilianza, nikaugua, nikaacha. Daktari aliponieleza habari za moyo, nilikwenda kumuaga.

"Nasikia unaondoka," akasema.

"Ndugu zangu wananisubiri, Mma."

"Na wa kwangu?"

Kesho yake nikarudi kwenye ukuta. Nabeba jiwe moja, napumzika, nabeba jingine. Siku nyingine mawili yananitosha. Yeye huja na kigoda chake akakaa kunisimamia, na ulimi wake hauna likizo. "Mwalimu," huniambia, "uliyafundisha mawe kusimama mstari. Sasa yafundishe kulala."

Siku moja nilisimama nimekumbatia jiwe, sikumbuki limetoka kaburi gani. Nikamwambia.

"Weka tu," akasema. "Walikuwa wakigombea blanketi tangu wakiwa hai. Watagawana."

Hapo ndipo nilipomweleza ile nusu niliyoijua. Aliwanywesha mbuzi hadi wa mwisho. Kisha akasema, "Nilijua. Ungekuwa hujui kabisa, ungekuja kuniuliza ni ya nani. Uliogopa jibu." Akachukua kigoda chake akaenda zake. Siku iliyofuata akarudi, akakaa palepale.

Ukuta sasa unanifika magotini. Nguvu niliyobaki nayo inatosha kwa mawe au kwa safari, haitoshi vyote viwili. Nimechagua mawe. Usidhani nimewathamini marehemu wa watu kuliko Tumaini. Ulimfahamu vizuri. Kama ningepanda basi nikiwaacha hawa wazi kwa fisi, angenishusha mwenyewe. Nimemwomba Mma Kelebogile mahali. Akaniuliza kama nakoroma. Nikamwambia marehemu mke wangu alisema ndiyo. "Basi utalala pembeni," akasema.

Kwa hiyo usiendelee kupalilia ile nafasi ya kando ya Tumaini. Panda maharage, udongo wa pale ni mzuri. Ukiona ni vibaya, uache majani yaote. Sikuamrishi. Najua utalia, na najua utanikasirikia kwanza.

Tumbusi aliondoka zamani. Lango limefunguliwa tena, maana ndege wengine bado wanakuja. Ila mgeni haruhusiwi kwenda moja kwa moja dimbwini. Sharti apite nyumbani kwa Mma Kelebogile, aache gari, asalimie, aseme ni mtoto wa nani na ametoka wapi, ndipo aonyeshwe njia inayozunguka mwinuko. Baadhi yao wananung'unika kwamba ndege watakuwa wameruka. Wengine wanapewa chai, wanakaa.

Nisalimie shemeji, umwambie nimemsamehe kwa kunishinda bao kila likizo. Nisalimie shangazi yetu wa Iyunga kama bado anasikia, na mchungaji wa usharika, ambaye unaweza kumsomea barua hii yote. Binti yako muuguzi mwambie dawa nazimeza.

Ambokile asije kunichukua. Akija baadaye, ashuke kwenye duka la njia panda, asiulize kaburi la mwalimu liko wapi. Apite kwanza kwa Mma Kelebogile, asalimie, aseme ni mtoto wa nani. Jina lako nimeshamwambia.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Asajile