S Mbili za Ubao wa Kinyozi

Chumba cha Uani,
Nyumba ya Fundi Viatu,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.

Jumanne, tarehe 11, mwezi wa tatu.

Mpendwa mpwa wangu Bi Rula,

Mimi mjomba wako nimetimiza miaka sabini na nane. Nimewazika mabwana wanne walioniajiri, nimemaliza brashi zisizo na idadi, na nimemzika hata yule daktari aliyeniambia harufu ya rangi itaniua kabla sijafika hamsini. Mwenyewe hakufika sitini. Kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda usidhani mkono umechoka. Ni meza ya fundi viatu, mguu wake mmoja mfupi.

Hujambo wewe? Mumeo hajambo? Watoto je, na kile kifua cha mdogo kimepona? Sisi wazima. Mama yako anasumbuliwa na magoti tu, ulimi wake haujapungua nguvu hata kidogo. Amesema nikuandikie kwamba blanketi limefika. Limefika.

Barua hii isome mwenyewe. Usimpe mumeo aisome kwa sauti, najua anavyocheka. Nami nimeiandika mwenyewe, siku tatu, kwa maana jambo hili simwamini mtu kunishikia kalamu.

Unamkumbuka kinyozi wa pembeni mwa soko, Mungu amrehemu. Baada ya yeye kufariki mwanawe alifunga duka akauza kila kitu, viti, vioo, mpaka ubao wa juu ya mlango. Ubao ule niliuchora mimi. Kichwa cha mwanamume aliyechana nywele zake njia ya upande, mkasi, kitana, na chini maneno KINYOZI SAFI SANA. Miaka thelathini na mitano ya jua na mvua, nyekundu yake bado nyekundu. Hawa mafundi wa leo rangi yao inapauka kabla ngazi haijashushwa.

Mwezi uliopita fundi viatu alikuja mbio mpaka mlangoni kwangu.

"Mzee, kichwa chako kimetundikwa mjini!"

"Kichwa changu kipi, nawe unakiona hapa?"

"Cha kinyozi! Kiko kwenye ile nyumba ya picha, kina taa yake peke yake."

Nikavaa shati la harusi za watu tukaenda. Kuta nyeupe kama za hospitali, sakafu inalia kila ukikanyaga. Na kweli, ubao wangu ule pale. Mbele yake walisimama watu wawili, bwana mmoja mwenye ndevu na mama wa miwani, ambaye ndiye mkuu wa nyumba ile. Walikuwa wakizungumza Kiswahili, lakini Kiingereza kimo ndani kama mawe kwenye mchele. Mimi nikajifanya natazama dirisha. Maneno nikayashika kwa vidole, moja moja, nisiyapoteze.

La kwanza, naivu. Yule mwenye ndevu alilisema mara tatu huku akitabasamu. Mtu hatabasamu hivyo akisema jema.

La pili, pasipektivu. Ati mchoraji hana pasipektivu, ndiyo maana sikio moja kubwa kuliko la pili. Nikajua wananisingizia ugonjwa. Sikio la kinyozi mwenyewe lilikuwa kubwa! Mimi nilichora nilichokiona.

La tatu, stili laifu. Hilo walisema wakionyesha mkasi na kitana. Nikamnong'oneza mlinzi wa mlangoni aniambie maana yake. Akasema, "Ni maisha yaliyotulia, mzee." Sasa mpwa wangu, mkasi una maisha gani? Na kwa yule kinyozi ulitulia lini?

La nne, muvumenti. Hapo nikatazama mlango uko wapi. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki watu walivyokuwa wakichukuliwa majumbani kwa neno kama hilo. Mimi sijawahi kuwa kwenye kikundi chochote isipokuwa cha kuzikana.

Pembeni mwa ubao palikuwa na karatasi ngumu ndogo, ya Kiingereza. Nikamwomba mlinzi anisomee jina la fundi. Akasoma, "Anonimasi."

Nikamwambia, rudia. Akarudia. Anonimasi! Nikageuka kutazama picha nyingine za chumba kile. Baiskeli juu ya bati, Anonimasi. Samaki juu ya mlango wa duka, Anonimasi. Na samaki yule namjua kama ninavyojua kiatu changu, ni kazi ya marehemu rafiki yangu Vidole Tisa. Kumbe jizi hili limezunguka mji mzima linajiandikia kazi za watu, wazima na maiti!

Siku nne nilimtafuta. Muuza rangi nilimuuliza, "Anonimasi unamjua?" Akasema jina kama analisikia, labda ni yule aliyekuwa akichora mabasi, akahama bila kulipa rangi. Nikasema huyo huyo. Nikaenda mpaka gereji ya mabasi na fimbo mkononi. Hawamjui.

Siku ya tano nikaingia kwa muuza dawa, ambaye husoma Kiingereza cha kwenye maboksi. Namshuku, maana aliwahi kuniuzia dawa ya kikohozi ya watoto, lakini nilikuwa sina mwingine. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mzee, huyo si mtu. Maana yake ni asiyejulikana. Fundi hajulikani."

Mpwa wangu, mwizi ningemkamata. Lakini hili? Mimi, ninayesalimiwa kuanzia sokoni mpaka makaburini, sijulikani? Nikamuuliza na naivu. Akakuna kichwa akasema ni kama mtoto, mtu asiyejua hila. Mimi! Niliyewaacha mabwana wanne wakidhani rangi imekwisha, nami nimebakiza kopo chini ya kitanda!

Nikarudi kule asubuhi yake, fundi viatu nyuma yangu. Mama wa miwani alinipokea vizuri, akaniita baba, akanipa kiti mle mle chumba cha ubao. Mapokezi mazuri namna ile huwa nayaogopa. Nikakaa ukingoni mwa kiti.

"Baba, wameshakuja wengine wawili kabla yako," akasema. "Kila mmoja anasema ubao ni wake. Nami sitaki kuandika jina la uongo ukutani."

Nikaona kumbe na yeye ananishuku. Hapo nikamheshimu kidogo.

Akanipa karatasi na kalamu ya risasi. "Niandikie maneno ya ubao, baba, kama ulivyoyaandika wakati ule."

Sasa hapa ndipo mjomba wako alipojikwaa. Unajua S zangu zote za ubaoni zilivyo. Zimegeuka, zinatazama nyuma. Unajua pia jina nililopewa mtaani kwa ajili hiyo, na niliowahi kuwafukuza kwa brashi yenye lami kwa kulitamka. Nilipoiona ile karatasi safi, na yule mama msomi ananitazama, nikasema moyoni leo hanicheki mtu. Nikaandika KINYOZI SAFI SANA, na S mbili nikazinyoosha sawasawa, kama za kitabuni.

Akaitazama karatasi. Akashusha pumzi.

"Asante, baba. Wenzako pia waliandika hivi hivi."

Fundi viatu akaniminya kiuno. "Mzee, umeharibu!"

Nikasema haraka naweza kuzigeuza. Mama akatabasamu kwa huruma. Akasema sasa yeyote anaweza, ubao si uko pale ukutani? Kisha akanieleza kwamba S zile ndizo zilizofanya wanunue ubao wote. Ati bwana mwenye ndevu ameandika kurasa sita kwamba fundi aligeuza makusudi, kukataa herufi za wageni. Muvumenti ndiyo hiyo, akasema! Kumbe ni wachoraji kushika njia moja, wala si ya kufungwa.

Hapo shetani akanishika shati. Nikasema, "Ndiyo, nilizigeuza makusudi." Nikasema na kifua mbele. Akauliza, ushahidi?

Ushahidi ninao, mpwa wangu, na wewe unaujua. Ushahidi uko nyuma ya ubao. Lakini nikiutoa, kurasa sita za yule bwana zinaungua, na mimi nazo. Nikamtazama samaki wa Vidole Tisa, aliyekufa bila mtu wa kumsemea, amekuwa Anonimasi milele. Nikamwambia yule mama, "Leta bisibisi."

Nikamweleza yote. Kwamba ubao ule niliuanza upande ambao sasa ni wa nyuma, na mpwa wangu wa miaka saba alikuwa amenishikia rula. Kwamba aliniambia, "Mjomba, S yako inatazama nyuma." Nami nikamjibu S yangu inatazama inakotaka. Kwamba nilikwenda kunywa maji, na niliporudi nikakuta ameshachora S nyingine pembeni mwa yangu, nyekundu, iliyonyooka, ya kunisahihisha. Nikageuza ubao kwa hasira nikaanza upya upande wa pili, nikazigeuza S zote mbili kwa ukaidi. Na tangu siku ile sikuweza kuzinyoosha ubaoni, maana mtaa mzima ungejua nimefundishwa na mtoto.

Nikamwambia, "Basi ya kwanza haikuwa muvumenti, mama. Nilikuwa sijui. Zilizofuata ndizo makusudi."

Mlinzi akafungua skrubu, fundi viatu akashika upande mmoja. Wakaugeuza. Vumbi, utando wa buibui, herufi zangu za KINYOZI SAF zilizoachwa njiani, na pembeni yake S moja ndogo nyekundu, inatazama inakotakiwa. Hata alama ya kidole chako ipo, ulipoishika rangi kabla haijakauka.

Hakuna aliyecheka. Mama wa miwani alivua miwani.

Akaniuliza aandike jina gani. Nikafikiri jina la kwenye cheti, lakini hilo mtaani hamna alijuaye, lingekuwa Anonimasi wa pili. Nikamwambia andika Fundi Esi Kombo, lile lile nililowafukuzia watu kwa brashi. Fundi viatu aliruka kama amekanyaga moto. Na chini yake, nikasema, andika "na mpwa wake aliyemsahihisha". Kisha nikampeleka kwa yule samaki nikamwonyesha magamba yalivyopigwa kwa kizibo cha chupa, jambo ambalo Vidole Tisa peke yake ndiye aliyelifanya. Ameandika na hilo, analiita tekniki. Sisi tuliita kizibo.

Sasa nikuulize, na unijibu kweli bila kunionea huruma. Karatasi mpya imeshabandikwa, na neno naivu bado limo. Mama yule anasema ni sifa, maana yake mkono uliojifunza wenyewe. Muuza dawa anasema ni utoto. Wewe umesoma Kiingereza, nipe maana yake. Kama ni tusi nitakwenda kulifuta kwa mafuta ya taa. Kama ni sifa, mwambie mumeo.

Wasalimie watoto wote, na yule mkubwa mwambie asimwogope mwalimu wala mjomba akiona kitu kimegeuka. Mama yako anakusalimu, fundi viatu anakusalimu mara mbili. Mungu akuwekee nuru machoni na uthabiti mkononi.

Akitokea wa kuibishia habari hii, fundi viatu alikuwepo, mlinzi ndiye aliyeshika bisibisi, na mama yako atakuambia nilivyokununia wiki nzima, nisikupe rula. Lakini shahidi wangu mkubwa ni ile S nyekundu, na hiyo ni mkono wako. Ulikuwa sahihi. Nilijua tangu siku ile.

Mjomba wako anayekupenda, ingawa alichelewa kusema,

Fundi Esi Kombo