Grégoire Hakuhama

Mbarara, siku ya Alhamisi

Mdogo wangu mpendwa Clémence,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako huko kambini Juru, pamoja na wote wanaolala chini ya bati lako. Ninauliza habari za goti lako, za maharage mliyopanda baada ya mvua ya kwanza, na zaidi ya yote za mtoto wetu Doriane. Je, bado analala ameketi ili apate pumzi? Mimi ningali hai, ila figo zimechoka. Daktari ameniambia nisipange mambo ya Krismasi. Nina miaka sabini na sita, sikulia. Herufi zikipinda, univumilie.

Barua zako tatu zimenifikia. Zote zinauliza jambo moja: kwa nini Doriane, mwenye moyo mgonjwa na karatasi ya daktari mkononi, anakataliwa kila mwezi katika orodha ya wagonjwa ambao chama chetu cha makanisa kinawaleta Mbarara kutibiwa. Mara tatu nimekujibu kwamba usubiri. Leo nakupa jibu lenyewe, lakini lazima nianzie mbali.

Unakumbuka dada yetu Marcienne alivyolingojea gari la chama miaka minane iliyopita. Alikuwa amekubaliwa kupasuliwa ule uvimbe wa tumbo. Gari lilikuja Juru mara tatu, na mara tatu liliondoka bila yeye. Nilikwenda kwa Grégoire, ambaye wakati huo alikuwa katibu wa chama na hajawa bado baba mkwe wa Doriane. Aliniambia mbele ya watu, akichokonoa meno: “Papa Mwalimu, jina ya dada yako iko mu mashini. Sasa unataka mashini imubebe ku mugongo imupeleke Mbarara?” Watu wakacheka. Siku kumi na moja baadaye tulimzika Marcienne.

Wewe hukusomea mambo ya kompyuta, na mimi niliyafundisha Bukavu miaka ishirini, kwa hiyo niruhusu nikueleze, maana bila hili hutaelewa yanayofuata. Programu ya zamani ya chama ilikuwa ya kutunza data, na kazi hiyo iliifanya. Ulihifadhi, ulipanga, ulitafuta jina ukalipata. Lakini orodha zake hazikujuana. Familia zilikuwa na faili lao, wagonjwa na lao, na jina la mtu liliandikwa upya kila mahali kwa mkono wa yeyote aliyekalia kiti. Ukibadili huku, kule hakuna kinachoshtuka.

Mwaka 2021 ikaletwa programu ya aina nyingine, ile tuliyoiita darasani ya mahusiano. Humo mtu anaandikwa mara moja tu, ndani ya familia yake, na kupewa namba isiyo ya mwingine. Jedwali la wagonjwa halibebi jina. Linabeba namba, na kwa namba hiyo linakwenda kuuliza kwenye jedwali la familia: mtu huyu ni wa nyumba gani? Mkuu wa nyumba hiyo yupo? Jibu likiwa hapana, mgonjwa haandikwi, hata awe mtoto wa mwenyekiti.

Niliombwa nisaidie kuhamisha orodha za zamani, pamoja na Gisèle, yule binti wa Oruchinga anayefanya kazi ofisini. Siku ya nne programu mpya ilikataa mstari mmoja. Namba moja ya kadi ya ukimbizi ilikuwa na majina mawili. Kwenye familia, namba hiyo ilikuwa ya Marcienne. Kwenye wagonjwa, ilikuwa na jina la mama mzazi wa Grégoire. Alifuta jina la dada yetu akaandika la mama yake, akasahau namba. Mama yake alipasuliwa hapa Mbarara na akarudi Juru akitembea kwa miguu yake. Miaka minne jambo hilo lilikaa wazi ndani ya kompyuta, na hakuna aliyeliona, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuzikutanisha orodha hizo mbili.

Gisèle aliniuliza kuna nini. Nikamwambia ni kosa dogo la uandishi.

Ningeweza kuwaambia wazee wa chama. Wangemwita Grégoire, angelia, wangemwombea, na Jumapili inayofuata angepewa kusoma zaburi. Sikutaka hivyo. Nilifungua mstari wa nyumba yake, na pale palipoandikwa kwamba mkuu wa familia yupo, nikaandika “amehama”. Neno moja tu. Nilikwenda kula, na chakula kilikuwa kitamu.

Mwaka uliofuata macho yake yakaanza kuingia ukungu. Alikwenda ofisini kuomba gari. Gisèle alinisimulia akicheka jinsi alivyomwambia kwamba kompyuta inaonyesha alihama, naye akafoka: “Nilihama wapi, mutoto, na niko mbele yako?” Akagonga meza kwa fimbo. Akamleta mwenyekiti wa kijiji, akamleta mchungaji. Lakini maombi yote ya masahihisho yalipita kwangu, kwa kuwa Gisèle alikuwa na ruhusa ya kuandika tu, si ya kusahihisha yaliyokwisha kuandikwa. Kila mara nilijibu kwamba jambo lake linachunguzwa.

Pasaka ile nilipokuja Juru nilimwona mkewe akimshika mkono kuingia kanisani, mguu wake ukipapasa kizingiti. Nilikaa benchi la nyuma yake nikaimba kila ubeti. Aliitambua sauti yangu. Aligeuka, akanisihi nimsaidie kwa mambo yale ya kompyuta. Nikamwinamia sikioni: “Grégoire, jina yako iko mu mashini. Unataka ikubebe?” Sijui kama alikumbuka. Kwangu ilikuwa ibada nzuri kuliko zote nilizohudhuria tangu tutoke Kivu.

Sasa, mdogo wangu, shika barua kwa mikono miwili. Mwaka juzi Elisée, mtoto wa Grégoire, alipokuja kumposa Doriane, mliniuliza mimi kama mjomba. Kukataa kungenilazimu kutoa sababu, na sababu ingefungua kesi, na kesi ingemtoa Grégoire mkononi mwangu. Nikakubali. Nyama ya posa niliila. Ng'ombe walipopokelewa, mchungaji alipeleka cheti ofisini, na kama ilivyo desturi yetu, bibi harusi akatolewa katika kadi yako akatiwa katika nyumba ya baba mkwe. Gisèle aliniuliza kama amwandike huko. Nikamwambia amwandike. Nilikuwa nimezoea kumwona Grégoire kama mstari mmoja uliosimama peke yake, kama katika programu ya zamani, mimi niliyewafundisha vijana mamia kwamba sivyo.

Ndiyo maana. Kila mwezi namba ya Doriane inakwenda kuuliza nyumba yake, na nyumba inajibu kwamba imehama. Mtoto wako anakosa pumzi kwa neno nililoliandika mimi. Nililijua hilo tangu barua yako ya kwanza, nami nikakuandikia usubiri.

Nilikuwa natafuta njia ya kumtoa peke yake. Jumanne Gisèle alinipakia bodaboda akanishika kiunoni kama gunia hadi ofisini. Nikajaribu kumwandika Doriane bila familia, ikakataa. Kumrudisha kwako, au kumtia katika nyumba yangu, kunataka sahihi ya mkuu wa nyumba anayotoka, na mkuu huyo amehama. Kanuni hizo ziliwekwa na waliotengeneza programu, sina ruhusa ya kuzilegeza. Katika programu ya zamani ningechapa jina lake na kumaliza, kama Grégoire alivyochapa la mama yake. Nilikaa saa mbili nikitafuta jinsi ya kumwokoa mmoja na kumwacha mwingine. Haipo.

Nikaandika “yupo”. Orodha iliwapokea wote wawili papo hapo. Gari litafika Juru Jumatatu, Doriane kwa ajili ya moyo, Grégoire kwa ajili ya macho.

Usimwambie mchungaji kwamba nimesamehe. Njia ingekuwepo, Grégoire angekufa kipofu. Wewe ukinichukia unayo haki, na Doriane pia. Umsomee barua hii mwenyewe akishapona. Yale ya Marcienne na namba ya kadi yasomwe mbele ya wazee, Grégoire akiwepo. Na nikiletwa huko kuzikwa, watu wakipita kutupa udongo, yeye asiguse hata punje. Atakuwa anaona vizuri. Asimame mbali aangalie.

Nisalimie Elisée, ambaye hana kosa, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akupe nguvu ya Jumatatu.

Mimi kaka yako,
Appolinaire Semahoro